Kaa na Mtoto Mmoja Mmoja: Namna ya Kupima Kusoma na Kuandika Madarasa ya Mwanzo

Darasa zima likisoma kwa pamoja, hakuna asiyejua kusoma. Ba, be, bi, bo, bu, sauti inapaa na kila mdomo unafunguka kwa wakati. Lakini ndani ya sauti ile wamo wanaosoma kweli, wamo wanaomfuata jirani nusu silabi nyuma, na wamo waliokwisha kuukariri ukurasa wote kwa masikio. Hawa wa mwisho ndio wanaotupita bila kuonekana. Mpe mmoja wao kitabu cha darasa, atakisoma bila kusita. Kisha funika picha kwa kiganja, weka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi ya tatu, umuulize: "Hili ni neno gani?" Ataanza kunong'ona sentensi kutoka mwanzo ili alifikie. Akifanya hivyo, ujue ukurasa uko kichwani mwake, macho bado hayajaanza kazi.

Nafundisha darasa la kwanza na la pili. Mwongozo huu ni wa mwalimu mwenzangu wa madarasa hayo, na pia wa mzazi anayetaka kujua mwanawe amefikia wapi. Nitaeleza upimaji mmoja kamili, kuanzia masikioni hadi kwenye penseli. Jambo ninalolishikilia kuliko yote ni kwamba alama inakuonyesha mtoto yuko wapi, ila makosa yake ndiyo yanayokuambia umfundishe nini kesho asubuhi. Kwa hiyo andika alichokisema. Alama nyekundu ya X juu ya neno haikusaidii chochote ukirudi kuisoma wiki ijayo.

Kabla hujamwita

Unahitaji karatasi ya mtoto, karatasi yako ya kuandikia, penseli mbili na saa inayohesabu sekunde. Simu inatosha, mradi umezima mlio wa kengele, kwa sababu kengele ikilia mtoto anashtuka na dakika zinazofuata zinaharibika.

Karatasi ya mtoto iwe na maandishi makubwa, nafasi ya wazi kati ya neno na neno, na herufi zenye umbo lile lile alilofundishwa. Angalia hasa a na g, maana vitabuni zina maumbo mawili. Mtoto aliyejifunza umbo moja akikutana na la pili anakwama, nawe unaandika kwamba hajui herufi anayoijua. Karatasi ndiyo iliyokosea hapo.

Chagua mahali ambapo wenzake wanawaona lakini hawawasikii. Wakisikia, wa tano kwenye foleni atakuwa ameshaijua hadithi. Kaa ubavuni mwa mtoto, usikae mkabala naye kama hakimu, na karatasi yako uiinamishe kidogo ili asifuatilie unachoandika. Zungumza naye mambo mawili matatu ya kawaida kwanza. Neno "mtihani" liache kabisa. Mimi husema: "Leo nataka unisomee kidogo. Ukikutana na neno gumu si kitu, jaribu tu, likikataa tunasonga mbele." Maelekezo mpe kwa lugha anayoielewa vizuri, hata kama anachosoma ni Kiswahili. Unapima kusoma kwake, na maelekezo yasiwe mtihani mwingine juu ya huo.

Kisha linda uso wako. Watoto wadogo husoma uso wa mwalimu kwa ufasaha kuliko herufi. Ukitabasamu akipatia na kukunja uso akikosea, baada ya maneno manne ataacha kuangalia karatasi na kukuangalia wewe. Sema "haya, endelea" kwa sauti moja, awe amepatia au amekosea.

Wakati wote huo tazama anavyoishika karatasi. Akiisogeza karibu na pua, akikunja jicho moja, akigeuza sikio upande wako unapoongea, au akikuomba urudie kila kitu, liandike hilo juu kabisa ya karatasi. Watoto wengi wanaoitwa wazito, tatizo lao ni kwamba hawauoni ubao.

Masikio kwanza

Kabla ya herufi yoyote, jua kama mtoto anasikia kwamba neno limejengwa kwa sauti. Hapa hakuna karatasi. Mwambie apige makofi kwa kila silabi ya neno kofia. Makofi matatu ni sawa. Muulize neno samaki linaanza na sauti gani. Mtamkie sauti zilizoachana, m, e, z, a, uone kama ataziunganisha. Kisha lililo gumu zaidi: "Sema kalamu. Sasa sema kalamu bila ka." Anayejibu "lamu" bila kusita masikio yake yako tayari kwa herufi.

Maneno manne kwa kila zoezi yanatosha, dakika tatu zimeisha. Usilipuuze zoezi hili kwa kuwa linafanana na mchezo. Mtoto asiyeweza kutenga sauti ya kwanza ya neno, ukimwonyesha s mara mia, ataikariri kama umbo lisilo na kazi.

Herufi, silabi, maneno

Andaa karatasi ya herufi zilizochanganywa. Zikiwa kwa mpangilio wa alfabeti ataimba. Weka kubwa na ndogo, na zile zinazojitokeza sana katika Kiswahili, kama a, i, k, n, u na w, zirudie mara kadhaa. Upimaji wa kusoma wa madarasa ya mwanzo unaojulikana kwa kifupi EGRA, ambao taasisi ya RTI International ilianza kuuandaa mwaka 2006 kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, hutumia herufi 100 katika mistari kumi kwa dakika moja, na mtoto akikosa mstari wote wa kwanza zoezi husimamishwa kwa upole. Darasani huhitaji herufi mia. Lakini kanuni ya kusimamisha ichukue kama ilivyo. Kumwacha mtoto ahangaike na herufi tisini asizozijua ni kumtesa, na hujifunzi lolote jipya kumhusu.

Amua mapema unauliza jina la herufi au sauti yake, na umweleze mtoto kwa mfano. Mimi huuliza sauti, kwa sababu sauti ndiyo inayosoma neno. Mtoto anayejua kwamba herufi hii inaitwa "be" na ile "te" anaweza bado kushindwa na bata. Akikupa jina mahali pa sauti, mkumbushe mara moja, kisha uandike alichokupa.

Anaposita kwa sekunde tatu, onyesha inayofuata. Andika herufi zinazochanganywa kwa jozi zake: b na d, p na b, m na n, u na n. Zikiwa ni b na d tu, usiwe na hofu. Watoto wengi wa miaka sita na saba hupitia hapo, na wengi wao hupona kwa mazoezi ya mkono. Zinapokuwa nyingi na hazifuati utaratibu wowote, ujue anabahatisha.

Baada ya herufi, nenda kwenye maneno, na hapa panga ngazi kwa makusudi. Kiswahili kinamfanyia mtoto hisani kubwa: karibu kila herufi ina sauti moja, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Lakini kina magumu yake, na upimaji usioyagusa unamdanganya mwalimu. Ngazi zangu huwa hivi. Kwanza silabi za wazi: paka, meza, sabuni, kofia. Pili, herufi mbili zinazotoa sauti moja: chura, shati, nyama, dhahabu. Tatu, sauti za puani zilizoungana na konsonanti: ndizi, shamba, jongoo, njaa. Nne, m na n zinazosimama zenyewe kama silabi: mti, mtoto, nchi, mbwa. Mwisho, zile zenye w na miungano mizito: mwezi, bwawa, njiwa, ng'ombe, mchwa.

Ukiwa na ngazi hizi, tokeo halitakuwa "amepata 11 kati ya 21". Litakuwa "amesoma ngazi mbili za kwanza zote, kwenye ya tatu anaacha sauti ya puani". Hilo la pili ni andalio la somo lililokwisha kuandikwa.

Ongeza maneno machache yasiyo na maana: tofe, nelu, sipoda, mwefa, njopi. Mwambie mtoto wazi kwamba ni maneno ya kubuni, la sivyo atajaribu kuyageuza yawe anayoyajua; "nelu" litakuwa "nne". Maneno haya hayakaririki, kwa hiyo yanaonyesha kama anaunganisha sauti au anatambua maneno kwa sura. Anayesoma paka na meza haraka kisha anakwama kwenye tofe amehifadhi picha za maneno.

Kuna jambo moja ninalolisikiliza sana katika hatua hii, na sijaliona likiwekewa nafasi kwenye fomu za upimaji. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayeanza kusoma hutamka ko, fi, a, silabi tatu zenye uzito mmoja, kama anayehesabu. Sasa subiri, usimsaidie. Mmoja atarudi peke yake na kusema "kofia!", mkazo ukiwa umekaa kwenye fi mahali pake, na uso unabadilika. Huyo amekutana na neno alilolijua siku zote kwa mdomo. Mwingine atasema ko, fi, a, na kuhamia neno la pili, na ukimuuliza amesoma nini atarudia ko, fi, a. Wote wawili fomu inawapa alama moja. Mimi humwekea wa kwanza alama ya tiki na wa pili tiki yenye kistari chini, kwa sababu wa pili anahitaji kufundishwa kurudi nyuma na kulisema neno zima kwa kasi ya kuongea. Hilo linafundishika, tena haraka.

Hadithi fupi

Hadithi ya kupimia iwe mpya, isitoke kwenye kitabu cha darasa. Hii hapa unaweza kuitumia. Ina maneno 45:

*Paka mdogo alipanda juu ya mti. Alitaka kumkamata ndege. Ndege aliruka akaenda zake. Paka akatazama chini, akaogopa kushuka. Alilia mpaka jioni. Kaka alisikia sauti yake akaleta ngazi. Alipanda polepole, akamshika paka, akashuka naye. Tangu siku hiyo paka akiona ndege mtini, hukaa chini na kumtazama tu.*

Kwenye karatasi yako andika jumla ya maneno mwishoni mwa kila mstari ili usihesabu upya kila mara. Washa saa anapotamka neno la kwanza. Weka tiki juu ya neno alilosoma sawa, na kwa alilokosea andika juu yake alichosema. Aliloruka lizungushie duara. Akijirekebisha mwenyewe, andika kosa na herufi R, na hesabu kuwa amepatia. Mtoto anayejirekebisha anasikiliza maana, na hiyo ni habari njema sana. Utaratibu wa tiki namna hii ulienezwa na Marie Clay, mtafiti wa New Zealand, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji fomu yoyote, kipande cha karatasi kinatosha.

Tuseme dakika imeisha mtoto akiwa kwenye neno "ngazi", neno la 27, na amekosea matatu. Amesoma maneno 24 sahihi kwa dakika. Akimaliza hadithi yote kwa sekunde 50 na makosa matatu, chukua 42, zidisha kwa 60, gawanya kwa 50: ni kama maneno 50 kwa dakika. Dakika ikiisha kabla ya hadithi, weka alama hapo alipofikia, kisha mwache amalizie, maana kumkatisha paka akiwa bado juu ya mti ni kumfundisha mtoto kwamba hadithi hazina maana. Maswali utauliza yale ya sehemu aliyoisoma mwenyewe.

Tahadhari kuhusu kasi. Usichukue viwango vya lugha nyingine ukavipachika kwenye Kiswahili. Neno moja la Kiswahili kama "hawakumwona" limebeba sentensi nzima. Mtoto anayelisoma amefanya kazi ambayo kwingine ingegawanywa kwa maneno manne. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita. Kasi ina umuhimu, kwa sababu anayehangaika kwa kila silabi husahau mwanzo wa sentensi kabla hajafika mwisho. Lakini usimwambie asome haraka. Mwambie asome vizuri kadiri awezavyo.

Lafudhi isihesabiwe kuwa kosa. Kama lugha ya nyumbani haitenganishi r na l, mtoto atasoma "ruka" kama "luka" naye amelisoma neno. Vivyo hivyo th inayotoka kama s, na dh kama z. Utajua kwa kumsikiliza akiongea kabla hajashika karatasi: ukisikia "kulala" na "kurudi" zote kwa l, umeshapata jibu.

Sasa tazama makosa matatu yanayofanana kwa alama lakini hayafanani kwa lolote jingine. Mtoto wa kwanza anasoma "alipanda" kama "alipenda". Ametazama mwanzo na mwisho wa neno, katikati akakisia. Anahitaji mazoezi ya maneno yanayotofautiana kwa irabu moja: panda, penda, pinda, ponda, punda. Wa pili anasoma "ngazi" kama "gazi". Huyu herufi anazijua, kinachompotea ni sauti ya puani. Wa tatu anasoma "akashuka naye" kama "akaruka naye". Kosa lake lina maana, sentensi inasimama. Anafuata hadithi na anaacha kuangalia herufi kwa makini. Mpe wa tatu mazoezi ya wa kwanza na utampotezea wiki.

Maswali ya ufahamu yasizidi matano, na angalau mawili yasiwe na jibu lililoandikwa waziwazi. Paka alipanda wapi? Alitaka nini? Nani alimsaidia? Kwa nini kaka alileta ngazi? Kwa nini siku hizi paka hukaa chini tu akimwona ndege? Jiepushe na swali ambalo mtoto analijibu bila kusoma, kama "ndege hurukaje?" Jaribu maswali yako kwa mtu ambaye hajaiona hadithi; swali atakalolijibu sawa, lifute. Mtoto akijibu kwa lugha ya nyumbani na jibu ni sahihi, ameelewa.

Kwa aliyeshindwa kusoma kuna hatua moja zaidi, na naomba usiiruke. Chukua karatasi, msomee wewe hadithi yote taratibu, kisha umuulize maswali yale yale. Akijibu yote matano, lugha anayo na akili anayo. Kinachomkwamisha ni herufi na sauti. Akishindwa hata kwa kusikiliza, huenda Kiswahili chenyewe bado ni kigeni kwake, naye anahitaji kuongea na kusikiliza hadithi kwa wingi kabla na pamoja na herufi. Dakika mbili hizi zimenionyesha watoto walioandikwa kwamba hawajui kitu, kumbe wanasimulia hadithi nzima na kuongeza mwisho wao wenyewe.

Penseli mkononi

Uandishi unaweza kuupima kwa darasa zima mara moja, isipokuwa kwa wanaoanza kabisa. Hao kaa nao. Kuna mtoto anayechora mistari ya mawimbi kutoka kushoto kwenda kulia na kukuambia imeandikwa nini. Yeye anajua kwamba maandishi yanasema. Kuna anayeandika herufi za jina lake kwa kila neno. Kuna anayeandika irabu tu, "ea" kwa meza. Anayeandika "ea" yuko mbali sana na anayechora mawimbi, ingawa wote wawili wangepata sifuri kwenye imla.

Kwa wengine, tumia sentensi moja ya imla iliyochaguliwa vizuri. Yangu ni hii: *Mtoto wangu anacheza nje ya nyumba na mbwa mweusi.* Ina maneno tisa na magumu mengi ya tahajia ya Kiswahili. Isome yote mara moja kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa mafungu ya maneno mawili au matatu, kisha yote tena. Usiyakate maneno kwa silabi wakati wa kusoma. Ukisema "m... bwa... mwe... u... si" umeshawaandikia.

Mtoto mmoja alileta hivi: *Mutoto wagu anaceza je ya nyuba na buwa mueusi.*

Kwa kuhesabu maneno, amepata mawili kati ya tisa, "ya" na "na". Mwalimu mwenye haraka ataandika 2/9 na kufunga daftari. Sasa ligeuze daftari upande wa mtoto. Wangu, nje, nyumba, mbwa: mara nne kumekuwa na sauti ya puani mbele ya konsonanti, na mara nne ameiacha. Mtoto, mbwa, mweusi: kila palipohitajika m peke yake mbele ya konsonanti, au w baada ya konsonanti, ameingiza u, kwa sababu masikio yake yanadai kila silabi iwe na irabu yake. Na ch ameiandika c. Ni hayo tu. Makosa ya maneno saba yametokana na mambo matatu, tena mambo yenye utaratibu. Irabu zote za sentensi amezisikia, nafasi kati ya maneno ameziacha sawasawa, herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni ameweka. Mtoto huyu anaandika. Anahitaji wiki mbili za mb, nd, ng, nj, kisha mtu, mti, mke, kisha ch. Akipewa orodha ya maneno saba ayanakili mara kumi kumi, atajifunza maneno saba tu.

Angalia pia wanaotenganisha "ni na soma" na wanaounganisha "namama". Wanaoandika "ka" kwa kaa na "sa" kwa saa. Wanaoangusha h, "abari", au kuipachika isipotakiwa, "hasubuhi". Kila moja lina somo lake.

Mwandiko upime kando na tahajia, usiuchanganye. Mtoto mwenye mwandiko mbaya anaweza kuwa mwandishi bora wa darasa. Tazama anavyoshika penseli, kama anakandamiza mpaka karatasi inatoboka, anakoanzia herufi, kama zinakaa juu ya mstari. Anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie. Mwekee karatasi imelalia upande wa kulia kidogo kwa juu na umkalishe mahali ambapo viwiko havigongani na vya jirani.

Mwisho wapatie dakika kumi waandike lolote wanalotaka kukuambia, wakiona vigumu wachore kwanza. Kisha kila mmoja akusomee alichoandika. Usisahihishe siku hiyo. Hapa unapima kama mtoto ana jambo la kusema na anaamini kwamba penseli inaweza kulisema. Aliyepata tisa kati ya tisa kwenye imla kisha akakaa dakika kumi mbele ya karatasi tupu ana tatizo ambalo imla haingekuonyesha milele.

Ukishamaliza

Darasa kubwa halipimwi kwa siku moja. Chukua watoto watatu au wanne kila siku wenzao wakiandika au kuchora, na baada ya wiki chache umewamaliza. Kila mtoto awe na ukurasa mmoja: tarehe, ngazi ya maneno aliyofikia, maneno sahihi kwa dakika, majibu ya maswali, na chini yake makosa yenyewe kama alivyoyafanya. Karatasi ya imla ibandike hapo hapo.

Kisha usiwapange kwa namba ya kwanza mpaka ya mwisho. Wapange kwa mahitaji. Upimaji wa watoto uitwao ASER ulioanza India mwaka 2005, na ule uitwao Uwezo ulioufuata nchini Kenya, Tanzania na Uganda kuanzia 2009, hutumia ngazi chache tu ambazo mtu yeyote anazielewa: herufi, neno, aya, hadithi. Ngazi hizo zinatosha kugawa darasa kwa vikundi vya saa moja kwa siku, wa herufi pamoja, wa maneno pamoja, hata kama wanatoka madarasa tofauti. Ndani ya kila kikundi, makosa uliyoyaandika ndiyo yatakayokuambia nani akae na nani.

Ukiongea na mzazi, mwonyeshe karatasi. "Mwanao ni dhaifu" ni maneno yanayomkata mzazi maini na hayampi la kufanya. "Anasoma maneno ya silabi mbili vizuri, sauti za mb na nd bado; msomee hadithi jioni, kisha mtafute pamoja maneno yenye mb" ni kazi anayoweza kuianza leo. Asiyejua kusoma mwambie amsikilize mtoto akisoma na amuulize hadithi ilihusu nini. Hilo halihitaji herufi.

Mtoto ambaye baada ya muhula mzima wa kufundishwa kwa karibu bado hashiki sauti za herufi, au anazishika leo na kesho hazipo, apelekwe kwanza apimwe macho na masikio, kisha kwa mtaalamu wa matatizo ya kujifunza. Disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, ipo kwa watoto wenye akili nzuri kabisa, na kadiri inavyogunduliwa mapema ndivyo msaada unavyokuwa mwepesi. Peleka ukurasa wake pamoja naye, kwa sababu makosa uliyoyaandika neno kwa neno yatamsaidia mtaalamu kuliko ripoti ya alama.

Rudia upimaji mwishoni mwa muhula kwa hadithi nyingine. Iwe na urefu ule ule, idadi ile ile ya maneno yenye mb, ng na mw, na isiwe na neno la msamiati mgumu ambalo hadithi ya kwanza haikuwa nalo. Kabla ya kuitumia, wape watoto watatu wanaosoma vizuri wasome zote mbili, ya zamani na mpya. Wakisoma moja kwa kasi kubwa kuliko nyingine, hadithi hizo hazijalingana. Punguza maneno magumu mpaka zilingane, ndipo uwaite wengine.